Mzee wa Sweta ya Buluu Anasema Piga Sasa

Jumatatu, 25 Novemba

Theluji. Ziwa limeanza kuganda ukingoni. Karakana haina mteja hata mmoja, maana hapa Minnesota hakuna mwenye akili timamu anayetengeneza injini ya mashua wakati huu wa mwaka. Kwa hiyo nimeshinda na mama mkwe mbele ya televisheni, na Mungu anisamehe, sijaona raha kama hii siku nyingi.

Matangazo ya bima! Ile mipango ya afya ya makampuni, kwa wazee waliofikisha sitini na tano. Kila mwaka, toka katikati ya Oktoba hadi tarehe saba Desemba, wazee wa nchi nzima wana ruhusa ya kubadili bima. Muda wote huo televisheni haipumui. Wengine wananung'unika. Mimi navua kofia.

Leo katokea tena mzee wa sweta ya buluu. Zamani aliigiza mkuu wa polisi kwenye mchezo mmoja ambao mama mkwe alikuwa haukosi. Sasa nywele nyeupe pe, na meno meupe kuzidi nywele. Hauzi kitu. Anakutazama tu, kama mchungaji anayejua dhambi yako na ameshakusamehe. Anasema unastahili. Meno, unastahili. Miwani, unastahili. Gari la kukupeleka kwa daktari, kadi ya kununulia mboga, vyote unastahili, tena bila malipo ya ziada! Halafu anainua kadi ya rangi nyekundu, nyeupe na buluu, inayofanana na ile ya serikali kama pacha. Halafu namba ya simu. Namba kubwa, imekaa chini pale haiondoki, kama mgeni aliyenogewa. Na chini ya namba yanapita maandishi madogo, mbiombio, kama msafara wa siafu. Nilisogea mpaka pua ikagusa kioo. Nikaambulia "si katika kila eneo" kabla siafu hawajaingia shimoni.

Mimi nina miaka hamsini na minane. Sistahili kitu. Nimeona wivu wa kweli.

Jumanne, 26 Novemba

Verlyn Bakke! Jina hili litaniua kabla ya ugonjwa wowote. Ni jirani yangu, mwalimu mstaafu wa hesabu. Kila Jumanne anakaa maktaba kuwashauri wazee kuhusu bima, bure kabisa, jambo ambalo mimi naliona ni majivuno. Sasa mchungaji kamwomba aseme neno Jumapili, kanisani, baada ya chakula cha samaki wa magadi, wale wakavu wanaolowekwa kwenye magadi mpaka walainike. Kuhusu bima! Kwani nani ameyatazama matangazo yote, mengine mara ishirini? Verlyn hata televisheni anaiweka chumba cha kufulia.

Nikaenda kwa mchungaji. Nikamwambia nimeifanyia utafiti sanaa ya matangazo na ningependa kuzungumza. Akasema hilo ni wazo la aina yake. Hapa kwetu ukiambiwa wazo lako ni la aina yake, ujue limeshafukiwa. Ila mimi nilikaa kitako mpaka akanipa dakika tano.

Nikakutana na Verlyn akipara theluji mlangoni kwake. Akaniambia, kwa ile sauti ya ubaoni, kwamba ile namba haiendi serikalini. Inaita kwenye ofisi ya wauzaji, na muuzaji analipwa kwa kila mzee anayekubali. Akasema tangazo halidanganyi hata kidogo: linasema kweli moja kwa kupiga kelele, na kweli tisa kwa herufi ndogo. Nikamjibu kwamba ndiyo maana nalistahi. Akatikisa kichwa. Hana jicho la sanaa huyu.

Jumatano, 27 Novemba

Nina mpango. Jumapili Verlyn atakuja na hesabu. Mimi nitakuja na ushahidi: nitaipiga namba mwenyewe na kuwasimulia yaliyomo. Kuuliza tu. Kuuliza si kununua.

Kizuizi: kitu cha kwanza wanachouliza ni tarehe ya kuzaliwa. Kwa umri wangu watanikatia. Lakini ndani ya nyumba hii mna mtu wa miaka themanini na mitatu, tena ana adabu kuliko malkia. Mama mkwe, Bi Ardis. Nikamwambia anisaidie kidogo, aulize tu wanatoa nini. Akasema hapendi kuwasumbua watu kazini kwao. Nikamwambia wanapenda kusumbuliwa, ndiyo kazi yenyewe. Akavaa sweta nzuri, kwa ajili ya simu, akachana nywele.

Akapokea binti anaitwa Kaylee. Sauti kama asali kwenye mkate wa moto! Nilisikiliza pembeni huku nikiandika. Meno, miwani, mboga, na hata uanachama wa jumba la mazoezi, ambako mama mkwe angefanya nini sijui. Kaylee hakuwa na haraka. Aliuliza habari za goti. Aliuliza habari za paka. Nikaondoka kwenda kuchungulia mkate wa maboga kwenye oveni, maana kesho ni sikukuu ya shukrani na Marlys, mke wangu, aliniachia kazi hiyo moja tu. Nilikuta umeungua upande mmoja. Niliporudi, mama mkwe alikuwa anasema haya, sawa mwanangu, asante, na wewe pia, barabarani uwe mwangalifu. Nusu saa nzima wakaagana, kama desturi.

Nikamuuliza kama amekubali chochote. Akasema hapana, wamezungumza tu. Binti mzuri sana, kalelewa.

Jumapili, 1 Desemba

Siku ya ushindi! Chumba cha chini cha kanisa kimejaa, harufu ya samaki wa magadi inaweza kusimama yenyewe bila meza. Verlyn alizungumza kwanza. Akaeleza kwamba mipango mingi ya makampuni inakupa mambo ya ziada, lakini inakutaka uende kwa madaktari walio kwenye orodha yao. Kwa hiyo kabla ya kubadili, uliza kwanza kama daktari wako yumo. Kweli tupu, na kila mtu aliangalia viatu vyake.

Kisha mimi. Nikainuka, nikainua leso yangu ya buluu badala ya sweta, nikawatazama kwa ule mtazamo. Nikasema, "Mnastahili!" Bibi mmoja alilia. Nikawaeleza jinsi muziki unavyopanda pale neno "bure" linapotajwa, jinsi mjukuu anavyoletwa dakika ya mwisho na kuku wake wa plastiki, jinsi babu anavyopiga kasia ziwani akicheka, wakati sisi wote tuliozaliwa ziwani tunajua hakuna anayecheka akipiga kasia. Lakini unaamini! Huo ndio ufundi. Nikamalizia kwamba hakuna hatari yoyote kupiga simu na kuuliza tu. Hata familia yangu imepiga.

Makofi. Verlyn alinipa mkono na kusema hotuba ilikuwa ya aina yake. Sikujali.

Jumatatu, 2 Desemba

Ole wangu.

Saa nne asubuhi simu ikalia. Mwanamke mchangamfu akampongeza mama mkwe kwa kujiunga na mpango wao mpya, utakaoanza Januari mosi. Mama mkwe akasema asante sana, ni wema wenu. Akanigeukia akiwa mweupe kama karatasi.

Marlys akapiga kliniki ya Daktari Nygaard hapohapo. Hawapokei mpango huo. Daktari Nygaard ndiye aliyemfungua mama mkwe kifua miaka ile, na Januari hii ndiye amepanga kumbadilisha vali ya moyo. Daktari wa karibu kwenye orodha ya kampuni yuko mbali, mwendo wa nusu siku juu ya barafu, na ni mtu asiyemjua.

Mama mkwe akasema si neno, wako watu wenye shida kubwa kuliko hii. Akakunja leso yake vizuri, akaenda chumbani, akafunga mlango polepole. Heri angeubamiza.

Marlys hakupandisha sauti. Akasema, "Arlen, mama amemkabidhi yule daktari moyo wake. Wewe umempa mzee wa sweta." Akarudi kazini. Kaniachia chakula cha mchana ndani ya friji, bila karatasi ya kuniambia ni kipi.

Jumanne, 3 Desemba

Mpango wa kuondoa balaa. Nitapiga simu kampuni mimi mwenyewe, kwa sauti ya mama mkwe, nifute kila kitu kabla hajaamka kutoka usingizi wa mchana. Nilijizoeza karakanani. Sauti nyembamba, kikohozi kidogo, nikajifunga hata kitambaa chake kichwani ili roho iingie.

Kijana aliyepokea akauliza tarehe ya kuzaliwa. Nikataja vizuri. Akauliza kama nina maumivu kooni. Nikasema ni baridi, mwanangu. Akauliza iwapo nimewahi kufikiria mpango wenye dawa za koo. Akaanza kuusimulia. Jamani, alivyousimulia! Nilijikuta nauliza kama mpango huo una miwani pia. Ndipo nikageuka, nikamkuta mama mkwe amesimama mlangoni ananitazama, mimi na kitambaa chake cha maua.

Akasema kwa upole kwamba rangi hiyo inanipendeza. Nikakata simu.

Jumatano, 4 Desemba

Nimeligundua tatizo, na si dogo.

Nilimuuliza mama mkwe tena, pole pole, ilikuwaje. Akasema Kaylee alimuuliza kama anataka kujiunga. Akasema hapana, asante. Kaylee akauliza tena. Akasema hapana, kwa kweli, asijisumbue. Kaylee akauliza mara ya tatu. "Sasa Arlen, mara ya tatu ningefanyaje? Ningeonekana nina kiburi."

Basi. Hapa kwetu ukikaribishwa kahawa, unakataa. Ukikaribishwa tena, unakataa. Ya tatu ndipo unasema haya, nusu kikombe, kama kipo tayari. Anayekubali mara ya kwanza ni mlafi. Anayekataa mara ya tatu kakutukana. Mama mkwe ameishi hivyo toka anyonyeshwe. Na wale wauzaji, sijui nani kawaambia, wanauliza mara tatu! Nilikaa chini kwa mshangao. Mtu wa mbali, kwenye kiti cha magurudumu cha ofisi, ametuingia mpaka jikoni kwa mlango ambao sisi wenyewe hatukujua uko wazi. Kama si moyo wa mama mkwe, ningempigia makofi.

Tukafanya mazoezi ya kukataa. Nikamkaribisha kahawa mara tatu. Ya tatu akasema, kwa taabu kubwa, hapana. Akaona haya, akanikatia keki ili kuniliwaza. Nikaona yuko tayari. Tukapiga simu kampuni afute mwenyewe. Akapokea Kaylee yuleyule! Wakafurahiana kama ndugu. Mama mkwe akasema angependa kujitoa. Kaylee akasema anasikitika sana, je, angependa kubaki kama ataongezewa huduma ya chakula nyumbani? Hapana. Je, kwa kweli? Hapana, mwanangu. Hata chakula cha moto, wiki nzima baada ya hospitali?

"Kama kipo tayari," akasema mama mkwe.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimekwenda kwa Verlyn Bakke. Naandika hili mara moja na sitalirudia.

Nilianza na hali ya hewa. Tukamaliza hali ya hewa, tukaingia kwenye unene wa barafu. Tukazungumza barafu mpaka ikayeyuka. Tukazungumza bei ya kuni. Nikasema basi, ngoja niende. Nikasimama mlangoni, na mlangoni ndipo nilipomwambia.

Hakucheka. Hilo liliniumiza zaidi, maana nilijiandaa kwa kucheka kwake. Akasema hajawahi kuona mwaka kama huu, na wiki hii peke yake wamemjia wanne waliokuwa kanisani Jumapili. Wamepiga simu "kuuliza tu". Nikatazama viatu vyangu. Vilikuwa na mengi ya kutazamwa.

Akaeleza: hadi mwisho wa Jumamosi, chaguo la mwisho ndilo linalohesabika. Kwa hiyo tusiwapigie wauzaji tena. Tuipigie serikali yenyewe, kwenye namba iliyo nyuma ya kadi yake halisi, na mama mkwe aseme mwenyewe kwamba anarudi kwenye bima yake ya serikali. Hapo Daktari Nygaard atabaki daktari wake. Akasema atakuja kukaa nasi kesho. Akanikaribisha kahawa. Sikukataa hata mara moja. Ndivyo nilivyokuwa nimeporomoka.

Ijumaa, 6 Desemba

Dhoruba. Barabara haionekani, umeme umekatika, simu nazo zimekufa zote. Marlys hasemi nami. Mama mkwe anafuma soksi gizani, akisema kwamba Daktari Nygaard ana miguu mirefu na hakuna duka lenye soksi za kumtosha.

Televisheni nyeusi. Nilijiona mwenyewe kwenye kioo chake. Si mandhari ya kuvutia.

Jumamosi, 7 Desemba

Umeme umerudi mchana. Verlyn akaja na viatu vya theluji miguuni na ndevu zimeganda. Marlys akaweka simu katikati ya meza, sauti wazi. Tukasikiliza muziki wa kusubiri. Muziki ule hauna mwanzo wala mwisho; nadhani ndivyo umilele ulivyo. Jua likatua. Nikaanza kuahidi mambo kwa Mungu, mengine ya gharama.

Mwishowe akapokea mwanamke, Bi Odessa, mwenye sauti nzito ya kusini. Akamuuliza mama mkwe jina, tarehe, namba ya kadi. Yote sawa. Kisha akauliza swali lenyewe: je, mama angependa kuuondoa mpango huu mpya na kurudi kwenye bima yake ya serikali?

Marlys akaisogeza simu karibu na mama yake.

"Hapana, asante," akasema mama mkwe. "Usijisumbue, mwanangu."

Sijawahi kusikia Marlys akitoa sauti ile. Na Bi Odessa, mfanyakazi wa serikali, mtu asiyelipwa kwa kukubali wala kukataa, akasema sawa mama, kuna kingine? Mara moja tu! Wauzaji wanauliza mara tatu, serikali inauliza mara moja! Verlyn, mwalimu wa hesabu, akashika kichwa.

Nikarukia meza. Nikasema dada, nakuomba, usikate, mimi ndiye mkwe, mimi ndiye mjinga niliyeyaleta haya. Nikamweleza kahawa. Nikamweleza nusu kikombe. Nikamweleza vali ya moyo na Daktari Nygaard na soksi. Nikamwambia huyu mama anakataa kwa heshima, kwa hiyo tafadhali, kwa jina la bibi yako, muulize mara tatu.

Kisha kicheko, kirefu, cha tumboni. Bi Odessa akasema kwao mgeni akikataa chakula mara moja, sufuria inafunikwa na mgeni analala njaa. Lakini hayo ni ya kwao. Akasema yeye haruhusiwi kumwamulia mtu, ila hakuna aliyemkataza kuhakikisha amemsikia vizuri. Akamwita, "Bi Ardis, mama yangu, una uhakika? Hutaki kurudi kwenye bima yako?"

Mama mkwe akasema ni wema mwingi, ila hapana.

Marlys alishika mkono wangu. Mara ya kwanza toka Jumatatu. Aliuminya vibaya sana.

Bi Odessa akauliza mara ya tatu. "Mama, mimi nimekaa hapa, fomu yako iko wazi mbele yangu, kidole kiko juu ya kitufe. Wala si kazi. Nikurudishe kwa daktari wako?"

Mama mkwe aligeuka kututazama, mmoja mmoja. Akavuta sweta yake.

"Haya basi," akasema. "Kama fomu iko wazi tayari."

Tukapiga kelele hadi paka akakimbia. Verlyn Bakke alinikumbatia, jambo ambalo wanaume wa mji huu hufanya mazikoni tu, tena kwa upande. Bi Odessa akasoma uthibitisho: bima ya serikali, bila kukatika. Marlys akaingia chooni, akakaa huko kitambo, akatoka na macho mekundu akisema kuna vumbi.

Baadaye, akimenya viazi, mama mkwe akaniambia yule Bi Odessa ni mwanamke mzuri sana.

"Ila Arlen, anang'ang'ania."

Jumatatu, 9 Desemba

Msimu umekwisha. Mzee wa sweta ya buluu hayupo. Nilimtafuta kwenye kila kituo. Badala yake magari, dawa ya mafua, magari tena. Nyumba ina upweke. Mama mkwe amelala vizuri, kliniki imethibitisha tarehe ya Januari, Marlys ananipikia tena na hata kuniambia kilipo chakula. Nimewaahidi wote wawili, mbele ya Verlyn, kwamba sitaigusa namba yoyote ya televisheni maisha yangu yote. Nimejifunza. Mtu mzima hujifunza.

Adhuhuri likaja tangazo moja jipya kabisa.

Beseni la kuogea lenye mlango! Mlango, ubavuni! Unafungua, unaingia kama unavyoingia kanisani, unakaa, unafunga, maji yanajaa mpaka kifuani na hayavuji hata tone. Mwanamke wa nywele za fedha amekaa ndani anasoma kitabu. Anatabasamu kama mtu aliyesamehewa na jirani zake wote. Muziki unapanda. Chini wanapita siafu. Sikuwasoma, maana nilikuwa natazama mlango.

Hii si bima. Ahadi ilikuwa ya bima, ukiichunguza. Tena hawaulizi umri.

Nimepiga kuuliza tu. Kijana mwenye adabu sana. Anakuja Alhamisi na futi yake, kupima.

Kupima si kununua.